Chupa Tano Gerejini

Baba yangu alionja pombe kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye mvi, ndani ya gereji, Jumapili mchana, amevaa tai. Kabla ya siku hiyo kitu kikali kuliko vyote kilichowahi kupita kooni mwake kilikuwa dawa ya kikohozi, na hata hiyo Bibi alimlazimisha Mama amsomee kwanza maandishi ya kwenye chupa.

Msimfikirie vibaya. Hakuwa na kiu. Alikuwa anatafuta kazi.

Tulitoka Mombasa tukiwa na masanduku, karatasi za uhamiaji na marobota ya kanga. Baba alikuwa na duka la kanga kule, na alipoona mambo yanakwenda upande akakataa kuacha mali yake nyuma. Akaipakia melini, ikafika, na mpaka leo imekaa gerejini kwa sababu hapa Harrow, pembezoni mwa Landani, hakuna anayevaa kanga ila Bibi, ambaye anajitanda mbili juu ya sari, sweta na koti, na ukimwona kwa nyuma utadhani robota limeota miguu. Gari hatuna. Gereji tunayo. Kanga ndizo gari letu.

Baba alipata kazi ya kufunga biskuti kiwandani. Walipopunguza watu walianza na waliokuja mwisho, na aliyekuja mwisho alikuwa yeye. Ndipo baba yangu mdogo wa Leicester akapiga simu kwa majirani, maana sisi simu hatukuwa nayo, akasema kule kwao kuna kiwanda cha soksi, yeye ni nyapara, na atampa kaka yake nafasi. Alisema "nitampa" kwa namna ambayo hata jirani, Mwingereza asiyejua neno la lugha yetu, alimwonea Baba huruma. Tukakubaliana: mwezi ukiisha Baba hajapata kazi Landani, tunahama.

Baba angekuwa anamwomba mdogo wake ruhusa ya kwenda chooni. Hilo lilimuuma yeye. Mimi lililoniuma ni jingine. Leicester ningelala chumba kimoja na binamu yangu, msichana anayekata kucha za miguu kitandani na kuziweka kwenye kisahani cha chai. Hazitupi. Nilimwuliza anaziwekea nini, akasema hajaamua.

Kwa hiyo aliposikika Mjapani anayefungua duka karibu na kituo cha treni, mimi ndiye niliyempigia Baba viatu rangi.

Mtu huyo alitaka kuwauzia wenzake wanaofanya kazi za ofisini hapa Landani vitu vya kwao: mchele, sosi, samaki wakavu, na sake, ambayo ni pombe yao ya mchele. Alimpenda Baba kwa kuwa amesimama nyuma ya kaunta maisha yake yote. Shida ilikuwa moja. "Wateja wangu watauliza sake ipi ni ipi," alimwambia. "Mtu wa kaunta lazima awe na la kuwajibu. Nitakuja kwako Jumapili na chupa, tuonje pamoja, halafu nitajua kama wewe ndiye."

Baba akasema karibu sana. Sisi ndivyo tulivyo, mlangoni tunasema karibu na jikoni ndiko tunakofikiri.

Jikoni kulikuwa na Bibi, mama yake Baba, na pembe yake ya sala yenye taa, maua na picha za miungu. Aliposikia pombe alikaa kimya kwanza, na Bibi akinyamaza hata friji inapunguza sauti.

"Chupa haivuki kizingiti," alisema.

"Gereji si nyumba," alisema Mama bila kugeuka kutoka kwenye karai. Mama alikuwa anashona zipu za suruali usiku na mchana kwa malipo ya kuchekesha, na hakuwa na hamu ya Leicester pia.

Bibi akaipima ile hoja. Gereji ina paa lake, mlango wake, haigusani na pembe ya sala. Akakubali, kwa sharti kwamba mimi niwepo. "Wewe mtoto ukae umtazame baba yako. Akivuka kiasi, niite."

"Kiasi ni kipi, Bibi?"

"Akianza kucheka."

Niliona ni sharti rahisi. Baba hakuwa amecheka tangu tushuke kwenye ndege.

Mgeni alifika na koti zuri na fuko zito, kila chupa imeviringishwa kitambaa na kufungwa fundo juu kama kichwa cha sungura. Kabla hata ya kumpa mkono, Baba alishika pindo la kitambaa kimoja akalisugua kwa kidole gumba. "Pamba nzuri," alisema. Hakuweza kujizuia. Mgeni alitazama marobota ya kanga, akatazama Baba, akakaa juu ya robota moja kama mtu aliyezoea. Meza ilikuwa beseni la kufulia lililopinduliwa. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na jiko la mafuta ya taa lilikuwa linatoa moshi mwingi kuliko joto. Mimi nilikaa karibu na mlango na sahani ya bhajia za Mama, jasusi rasmi.

Mgeni akaomba ndoo. Akaeleza kwa Kiingereza cha pole pole kwamba watu wa kazi hii hawamezi. Wanaizungusha mdomoni, wanaitafakari, wanaitema. Akatuonyesha kwa maji: akatema kwenye ndoo yetu ya kudekia, kwa adabu kabisa, kama anayepuliza mshumaa.

Baba alibadilika rangi. Kwetu unamtemea mtu mate mbele yake ukitaka vita. Kutema mbele ya mgeni, tena mgeni mwenye kazi mkononi, asingeweza hata kwa kushikiwa kisu. Kwa hiyo kila kilichoingia mdomoni mwake siku ile kilikwenda chini, na uso wake ulikuwa unatangaza safari nzima.

Chupa ya kwanza ilipashwa moto kwenye sufuria ya maji juu ya jiko. Ilipoanza kutoa mvuke, harufu ilizunguka gereji ikanikuta mlangoni. Nimesoma katika shule yenye chumba cha kubadilishia nguo ambacho dirisha lake halifunguki, kwa hiyo najua ninachosema: ile ilikuwa harufu ya kiumbe hai. Baba akainua kikombe, akanywa, macho yakajaa maji.

"Nzuri sana, bwana," alisema kwa Kiingereza.

Halafu, huku tabasamu limegandishwa usoni, bila kusogeza midomo, akaniambia kwa Kiswahili, "Yanuka nepi iliyochemshwa."

Hapa lazima nieleze. Kiswahili ndiyo lugha yetu ya siri Landani. Kiingereza wanakijua wote, Kigujarati nusu ya basi la kwenda Wembley wanakijua, lakini Kiswahili tunakitoa tukitaka kusema ukweli. Mama anakitumia sokoni kusema bamia zimekomaa. Baba anakitumia benki. Sasa alikuwa anakitumia gerejini, na mimi nilikuwa nimejaza mdomo bhajia na sina pa kuchekea.

Chupa ya pili mgeni aliitikisa kwanza. Ilikuwa nyeupe, nzito, na chengachenga zinaelea ndani. Akaeleza inavyotengenezwa, uso wake unang'aa. Wanachukua mchele wanausugua mpaka punje inabaki nusu. Wanaupika kwa mvuke. Wanautandaza chumbani mwenye joto na kuupanda kuvu, hadi punje zote zinaota manyoya meupe. Hii ya pili wameichuja kidogo tu, kwa hiyo mchele wenyewe bado umo.

"Kuvu," alisema Baba akitikisa kichwa kama anayesikia habari ya harusi. "Vizuri sana." Akanywa. Kitu fulani kilibaki kwenye masharubu yake na kilikuwa kinateremka. "Nzuri sana, bwana. Nzuri mno." Na kwangu, kwa ile sauti ya chini: "Mtu katapika uji, wenzake wakaukinga."

Nilichovya ncha ya kidole wakati mgeni anafungua chupa nyingine, nikagusisha ulimini. Nilifanya hivyo kwa ajili ya elimu. Mnayajua yale maji meupe mama zenu wanayomwaga wakiosha mchele? Yaacheni nyuma ya jiko mpaka yaanze kuongea, tieni sukari kidogo ili yasitambulike, mezeni na zile chenga zinazokwama kwenye meno. Niliitema kwenye ndoo. Mimi sina adabu za Baba. Kisha nilikula bhajia tatu mfululizo na zote zikawa na ladha ya manyoya.

Ya tatu ililetwa pamoja na kasha dogo la mbao, la mraba, bila mpini wala mdomo. Sake yenyewe ilikuwa imelala kwenye pipa la mti, na inanywewa kwa kasha la mti huo huo, na chumvi kidogo kwenye pembe. Kasha lilikuwa moja. Mgeni akanywa funda la kwanza, akalishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, akampa Baba.

Ilikuwa heshima. Hata mimi niliona. Lakini nyumbani kwetu hatunywei chombo kilichoguswa na mdomo wa mtu mwingine. Mimi sinywi kikombe cha Mama na Mama hanywi changu. Maji ya gudulia Bibi alitufundisha kuyanywa kwa kuinua chombo juu, kichwa nyuma, maji yanaanguka mdomoni na mdomo haugusi kitu. Baba akalitazama lile kasha, akatazama pembe iliyolowa mate ya mgeni. Kukataa haiwezekani. Kugusa haiwezekani.

Akarudisha kichwa nyuma, akainua kasha juu hewani, akamimina.

Kasha la mraba halimimini kama gudulia. Lilimimina kwa pembe zote. Baadhi ilipata mdomo, baadhi ilipata shingo, na sehemu kubwa iliingia puani pamoja na chumvi. Baba alitoa sauti niliyowahi kuisikia mara moja tu, kwa ngamia. Alipoinua uso alikuwa anachuruzika kwenye tai, pua nyekundu, jicho moja limefumba.

"Nzuri sana, bwana," alisema.

Mgeni hakucheka. Aliweka chupa chini pole pole. "Unasema zote ni nzuri sana," alisema.

"Zote nzuri," alisema Baba, na nikasikia sauti ya duka la Mombasa. Kule hakukuwa na mteja ambaye kanga haikumfaa. Mama mnene akijitanda ya njano, imekutoa kweli. Akiivua akijitanda ya zambarau, hii ndiyo yako hasa. Baba aliamini kwamba kazi ya mwuza duka ni kusifu, na kwa kusifu alilisha nyumba nzima. Haikuwahi kumjia akilini kwamba mtu anaweza kukuajiri ili umwambie ipi ni mbaya.

Mgeni akaanza kuviringisha chupa ya kwanza kwenye kitambaa chake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyepanda treni isiyo yake na anangoja kituo kinachofuata ashuke. Ya nne aliimimina haraka haraka, ya kutimiza wajibu.

"Nimeharibu," Baba aliniambia kwa Kiswahili, na safari hii hakutabasamu. "Mwambie mamako aanze kufunga mizigo."

Nilikiona kile kisahani cha kucha. Nilikiona kiko kati ya kitanda changu na cha binamu yangu, chini ya taa.

Sake ya nne ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, ya miaka mingi. Baba alionja. Alisema, "Nzu," akashindwa kuimalizia. Akafumba macho, akanong'ona kwa Kiswahili, si kwangu hata, kwa nafsi yake: "Ni sanduku la marehemu. Limefunguliwa wakati wa mvua, na ndani mna uyoga."

Mgeni akanigeukia. "Amesema nini?"

Baba alinitazama. Macho yake yalisema danganya. Na mimi ni mwongo mzuri, shuleni walimu wamelikubali hilo kwa maandishi, ningeweza kutunga sifa mpaka mgeni alie. Lakini nilikuwa nimemsikiliza Baba akidanganya chupa tatu, na uongo huo ndio uliokuwa unatufungisha mizigo.

"Amesema ni sanduku la mtu aliyekufa," nilimwambia. "Lenye uyoga. Mvua inanyesha."

Jiko likakohoa. Baba alikuwa ananitazama kama mtu anayechagua pa kunizika.

Mgeni akainua kikombe chake. Akanusa kwa muda. "Uyoga," alisema. "Ndiyo." Akanusa tena. "Sanduku pia, ndiyo. Mvua sijui." Akamgeukia Baba, na sasa alikuwa amekaa kwenye ncha ya robota. "Na ya tatu?"

"Ya tatu iliingia puani, bwana."

"Puani ilinukaje?"

Baba akajifuta pua. "Karakana ya seremala," alisema. "Anayetengeneza majeneza. Mbao mbichi."

"Ya pili?"

"Uji," alisema Baba. "Uliotangulia kutumika."

"Ya kwanza?"

"Nguo za mtoto mchanga, zikiwa kwenye maji ya moto."

"Alisema nepi," nilimsahihisha.

Mgeni akatoa pumzi puani, mara mbili, na nikagundua kwamba anacheka. "Ya kwanza ni ya bei ya chini," alisema. "Ndiyo maana tunaichemsha. Ikiwa baridi watu wataijua."

Halafu akanyanyuka, akaenda kuchukua chupa ya tano aliyokuwa ameiacha nje kwenye majani yenye barafu. Kitambaa chake kilikuwa cha hariri. Alimimina kidogo sana, kila mtu kikombe chake, namshukuru kwa hilo, akasema hii haiuzwi bado. Inatengenezwa na kaka yake mkubwa, nyumbani kwao. Akasema hivyo, akaweka mikono magotini, akangoja.

Nilitaka kumwonya Baba lakini sikujua nimwonye nini. Akisema nzuri sana, tunakwenda Leicester. Akisema ukweli, ukweli wenyewe ni juu ya kaka wa mtu. Baba alinusa. Alinusa tena. Alionja, akameza, akakunja uso kwa mpangilio, paji kwanza, kisha pua, kisha kidevu. Na safari hii hakunigeukia. Alizungumza Kiingereza, moja kwa moja.

"Ndizi," alisema. "Ndizi mbivu zilizosahauliwa kwenye begi la shule. Na rangi ya kucha. Ile ya wanawake, chupa ikiwa wazi."

"Ndizi," alisema mgeni.

"Nisamehe, bwana."

"Kaka yangu majira ya baridi analala kiwandani, anaingoja ndizi hiyo," alisema mgeni. "Miaka mingine inakuja, mingine haiji." Akatazama ndani ya kikombe. "Rangi ya kucha ni kosa. Kidogo tu. Nilimwambia, akakataa. Sasa nitamwandikia kwamba hata mtu wa Mombasa amesikia."

Baba akacheka.

Hakutabasamu. Alicheka kwa tumbo, tai inatikisika, mpaka akashika robota asianguke. Mgeni naye akacheka kwa ile pua yake. Mimi nilikuwa na amri yangu na niliikumbuka vizuri sana, nikala bhajia. Lakini Bibi hakuhitaji jasusi. Mlango wa gereji ulifunguliwa, akaingia na ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

Alisimama ile harufu ikimfikia kwa zamu: nepi, uji, jeneza, marehemu, ndizi. Niliona kila moja ikifika. Akaziba pua na pembe ya kanga.

Mgeni akanyanyuka, akainama mbele yake, chini kabisa, mpaka nikaona utosi wake. Hakuna aliyemwinamia Bibi tangu atoke Mombasa. Hapa mpaka konda wa basi anamwita mpenzi. Ile ndala ikateremka kidogo.

"Mwambie huyu mtu," aliniambia, "mchele unaliwa."

Nikamwambia. Mgeni akainama tena.

"Mama, nimepata kazi," alisema Baba, akamgeukia mgeni haraka kuhakikisha, na mgeni akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Kazi ya kunywa?"

"Ya kuuza."

"Basi uza," alisema Bibi kutoka nyuma ya kanga. "Usionje."

Sasa Baba anasimama nyuma ya kaunta karibu na kituo, na duka limejaa harufu ambazo ningependa kuzishitaki. Anawaambia wateja hii ni seremala, hii ni sanduku la babu yako, nao wanacheka na wananunua, watu wazima wenye akili zao. Jioni Bibi anamngoja mlangoni, anamwambia apumue, ananusa. Soksi za Leicester tunazivaa tu, hatuzitengenezi. Mambo yangekuwa mazuri.

Ila wiki iliyopita Mama alinituma gerejini nikachukue sindano za cherehani. Baba alikuwa amekaa juu ya robota, peke yake, na ile chupa ya kitambaa cha hariri. Alimimina tone kwenye kifuniko. Akarudisha kichwa nyuma, akainua kifuniko juu, akaliangusha mdomoni bila kugusa, safi kabisa, hata tai haikulowa. Alikuwa amefanya mazoezi.

Nilisimama pale. "Baba?"

"Nafanya kazi," alisema.

Kisha akafumba macho na kulamba midomo yake, polepole, wa juu na wa chini, kama mtu aliyekula embe. Nimekiona kisahani cha binamu yangu kikiwa kimejaa. Hakikunitia kichefuchefu kama kule kulamba midomo.